Kusoma maandishi ya dawa: cheti, kibahasha, pakiti na chupa

Kibahasha kimeandikwa "Amox 500, 1x3, 5/7". Dirishani foleni ni ndefu, mtoa dawa kasema haraka "kimoja kutwa mara tatu, umalize dozi", mgonjwa anaondoka. Usiku, kidonge kikiwa mkononi, ndipo maswali yanapoanza. Hiyo 5/7 ni tarehe ya leo? Ni siku ya kurudi kliniki? Wala si tarehe. Ni siku tano.

Dawa yoyote inayotoka dirishani inapaswa kubeba majibu matano: ni ya nani, ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani, unatumia kiasi gani kila mara, wakati gani, na hadi lini. Jibu moja likikosekana au lisiposomeka, hujamaliza shughuli ya dirishani, hata kama risiti iko mfukoni. Mwongozo huu unafuata njia ya dawa yenyewe: namba za kwenye kibahasha, herufi za kwenye cheti cha daktari, kisha maandishi ya kiwandani.

HATUA YA 1: Namba za kuzidisha

Tanzania na Kenya, namba ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni idadi ya mara kwa siku. 1x3 ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. 2x3 ni vidonge viwili, kutwa mara tatu, yaani sita kwa siku. 1x1 ni kimoja kwa siku. Ikiongezwa namba ya tatu, kama 2x3x5, hiyo ni idadi ya siku.

Kosa linalojirudia ni kuigeuza: 2x3 inasomwa "mara mbili, vidonge vitatu". Jumla ya vidonge kwa siku inabaki sita, kwa hiyo vidonge vinaisha siku ileile na hakuna anayegundua, lakini kila mara mgonjwa amemeza dozi kubwa kuliko aliyoandikiwa. Kwa paracetamol ya 500 mg, badala ya gramu moja anameza gramu moja na nusu kwa mkupuo. Karatasi zinazotoka Kongo, Burundi na kwingine kunakoandikwa kwa Kifaransa zinahitaji uangalifu zaidi, maana huko unaweza kukuta 3x1, ikimaanisha mara tatu, kimoja kimoja. Ukiona namba kubwa imetangulia, usikisie. Uliza.

Mtindo mwingine ni 1-0-1 au 1+1+1: asubuhi, mchana, usiku. Sifuri maana yake wakati huo humezi. Vibahasha vingine vina picha ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na namba chini ya kila picha. Huu ndio mtindo bora kwa bibi au babu asiyesoma, na hata kama kibahasha hakina picha hizo, mtoa dawa anaweza kuzichora kwa kalamu kwa sekunde chache. Mwombe.

Sasa zidisha. Amoxicillin 1x3 kwa siku tano ni kapsuli 15. Kama daktari aliandika 500 mg lakini famasi ina za 250 mg tu, utapewa 2x3 na jumla iwe 30. Hesabu papo hapo. Zikiwa pungufu, ama wamekosea kuhesabu ama umeuziwa nusu dozi kulingana na pesa uliyotoa. Hilo la pili ni la kawaida madukani, na kwa antibiotiki ni hatari: dozi ya siku mbili inaweza kupunguza homa huku vijidudu vikibaki.

Siku, wiki na miezi huandikwa kama sehemu. Namba ya chini ndiyo inayokuambia kipimo: 7 ni siku za wiki, 52 ni wiki za mwaka, 12 ni miezi ya mwaka. Kwa hiyo 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, 3/12 ni miezi 3. Mgonjwa wa presha aliyeandikiwa 1/12 amepewa dawa za mwezi mmoja, wala hajaambiwa kwamba ugonjwa utaisha baada ya mwezi mmoja.

HATUA YA 2: Saa

Hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapopata shida ambayo vitabu vya Kiingereza haviijui. Lebo ikichapwa "8 AM", ni saa 2 asubuhi. "2 PM" ni saa 8 mchana. "10 PM" ni saa 4 usiku. Mtu akiisoma 8 AM kama "saa nane", dozi ya asubuhi inahamia mchana, na ratiba yote inayumba. Ukipewa lebo ya kompyuta yenye saa za Kiingereza, andika kando yake saa za Kiswahili kwa kalamu kabla hujaiweka kabatini.

Mtego wa pili ni "kila baada ya saa 8". Si saa nane mchana. Ni umbali kati ya dozi na dozi. Ratiba inayokalika kwa watu wengi ni hii:

Kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.
Kila baada ya saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku.
Kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.

"Kutwa mara tatu" haimaanishi chai, chakula cha mchana na chakula cha saa 10 jioni. Ukimeza dozi zote tatu kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, mwili unakaa saa 15 bila dawa. Kwa dawa ya maumivu utaumia tu usiku, basi. Kwa antibiotiki, vijidudu vinapata nafasi ya kuongezeka.

Dawa mseto ya malaria, ALu (artemether na lumefantrine), ina utaratibu wake ambao 4x2 haiusemi. Dozi ya kwanza unameza mara tu unapoipata. Ya pili ni saa 8 baadaye. Zinazofuata ni asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, na ni lazima mtu aamke. Kwa vidonge vya kawaida vya 20/120 mg, idadi inafuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni kimoja kila mara, 15 hadi chini ya 25 ni viwili, 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, 35 na kuendelea ni vinne. Mara sita zote. Ndiyo maana pakiti huja na vidonge 6, 12, 18 au 24. Meza na chakula chenye mafuta, au maziwa. Bila mafuta sehemu kubwa ya lumefantrine hainyonywi na mwili.

HATUA YA 3: Herufi za kwenye cheti

Nyingi ni vifupisho vya Kilatini, na madaktari wa Afrika Mashariki wanafuata zaidi desturi ya Kiingereza cha Uingereza.

OD ni mara moja kwa siku. BD au BID, mara mbili. TDS au TID, mara tatu. QID au QDS, mara nne. Mane ni asubuhi, nocte ni usiku wakati wa kulala. Stat ni sasa hivi, mara moja tu. PRN au SOS ni pale unapohitaji, kama maumivu yakizidi. Haimaanishi bila kikomo, kwa hiyo uliza kiwango cha juu kwa siku. AC ni kabla ya kula, PC ni baada ya kula.

Njia ya kutumia: PO, kwa mdomo. SL, chini ya ulimi bila kumeza. PR, kupitia njia ya haja kubwa. PV, ukeni. IM ni sindano ya msuli, IV ya mshipa, SC chini ya ngozi. Kidonge cha PV kinaweza kufanana na cha kumeza, na kuna waliokimeza. Kama kibahasha hakisemi njia na kidonge kina umbo la yai kubwa lisilo la kawaida, simama kwanza.

Kliniki ya macho, OD hubadilika maana: ni jicho la kulia. OS ni la kushoto, OU yote mawili. Mtu aliyezoea OD ya vidonge anaweza kuweka matone mara moja kwa siku wakati aliandikiwa mara nne katika jicho la kulia.

Madaktari wengine bado wanaandika idadi kwa vijiti vya Kirumi: "ii tds" ni viwili kutwa mara tatu. Rx ya juu ya cheti ni "chukua" ya Kilatini, agizo kwa mfamasia. Haina maana kwako.

HATUA YA 4: Nguvu ya dawa

Sehemu hii isome mara mbili kama kuna mtoto nyumbani.

Miligramu (mg) ni kiasi cha dawa. Mililita (ml) ni kiasi cha maji yanayoibeba. Chupa ya dawa ya maji hubeba namba mbili, kwa mfano 125 mg/5 ml: katika kila mililita 5 kuna miligramu 125. Amoxicillin ya maji hupatikana kwa 125 mg/5 ml na kwa 250 mg/5 ml, chupa zikifanana, na tofauti ni namba moja ndogo. Mtoto aliyeandikiwa 250 mg anapewa ml 10 za ile ya kwanza, lakini ml 5 tu za ile ya pili. Ukinunua chupa mpya na kuendelea na kipimo cha chupa iliyopita, utakuwa umezidisha au umepunguza mara mbili.

Paracetamol ni mfano mbaya zaidi. Ya maji kwa kawaida ni 120 mg/5 ml. Matone ya watoto wachanga mara nyingi ni 100 mg katika ml 1. Mzazi aliyezoea kijiko cha ml 5 akikijaza matone, mtoto anapata 500 mg badala ya 120, zaidi ya mara nne. Kipimo cha mtoto ni 10 hadi 15 mg kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, kisizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na ml 5 za ile ya 120. Kwa mtu mzima kikomo ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya 500 mg, ukihesabu pia paracetamol iliyojificha ndani ya dawa za mafua.

Kijiko cha chai cha jikoni si kipimo. Kila kabati lina vyake. Tumia kikombe au kijiko kilichokuja na chupa, au bomba lisilo na sindano lenye alama za ml. Soma alama ukiwa umeinua bomba usawa wa macho.

Alama nyingine: mcg au µg ni mikrogramu, ndogo mara elfu kuliko mg. IU au U ni yuniti, za insulini hasa. U ikiandikwa kwa mkono hugeuka sifuri, na "10U" ikasomeka 100. Insulini nyingi ni yuniti 100 kwa ml na lazima ipimwe kwa bomba la insulini lenye yuniti, si bomba lolote la ml. Nukta nazo ni hatari: 1.0 inaweza kusomeka 10, na .5 ikasomeka 5. Kwenye karatasi za Kifaransa nukta ni mkato, hivyo 2,5 mg ni mbili na nusu.

Kwenye vidonge, nguvu ikiwa na namba mbili zenye mkwaju, dawa ni mchanganyiko. Co-trimoxazole 480 ni 400 + 80. Amoxiclav 625 ni amoxicillin 500 pamoja na clavulanic acid 125. Jumla tu ndiyo inayotajwa kwenye mazungumzo, lakini pakiti hutaja zote mbili.

Unga wa kuchanganya. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gongagonga chupa unga ulegee. Tia maji kama nusu, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye mstari uliochorwa kwenye chupa, si shingoni. Povu likitulia, maji yakiwa chini ya mstari, ongeza. Andika tarehe ya kuchanganya. EXP ya chupa, yaani tarehe ya mwisho wa matumizi, inahusu unga mkavu. Ikishachanganywa, lebo itasema siku 7 au 14, mara nyingi kwa masharti ya friji.

Chumvi ya kuharisha, ORS, ina kosa lake: watu wanaigawa pakiti kwa vikombe. Soma pakiti inahitaji maji kiasi gani, kwa sababu kuna za lita moja na kuna ndogo zaidi. Ya lita moja inaingia yote kwenye chupa mbili za maji za nusu lita zilizomiminwa pamoja. Ikizidi nguvu, inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza nyingine.

HATUA YA 5: Pakiti ya kiwandani

Jina kubwa ni la biashara. Jina dogo chini yake ndilo dawa yenyewe, na ndilo la kukariri. Panadol na makumi ya majina mengine yote ni paracetamol. Ukipewa mawili kwa siku moja, umepewa dawa ileile mara mbili.

Nyuma ya jina utakuta BP, USP au IP. BP hapa haihusu presha. Ni kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza. USP ni cha Marekani, IP cha India. "Paracetamol Tablets BP" ni paracetamol ya kawaida kabisa.

Herufi za mwisho zina uzito: SR, XR, MR, LA au "retard" ni dawa inayoachiliwa polepole. EC ni iliyofunikwa ili ipite tumboni kabla ya kuyeyuka. Hizi hazipondwi wala kutafunwa. Nifedipine ya retard ikipondwa, dozi ya saa nyingi inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kushuka vibaya. DT ni kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, kama zinki ya watoto.

EXP 08/2026 maana yake dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya Agosti 2026. Tarehe hiyo na namba ya toleo (Batch No.) hugongwa upande mmoja tu wa kadi ya vidonge, kwa hiyo anza kutoa vidonge upande wa pili. Muuzaji akikukatia kwa mkasi, omba akuonyeshe tarehe kabla hajakata.

Dawa nyingi madukani kwetu zinatoka India. Mstari mwekundu wa wima kwenye kadi unasema ni dawa ya cheti, na antibiotiki nyingi zinao. Maneno "Schedule H" yana maana hiyohiyo. Tanzania, alama ya GOT huonyesha ni mali ya serikali kupitia Bohari ya Dawa. Ukiikuta kwenye duka la mtu binafsi, dawa hiyo haikupaswa kuwa pale.

Walio Marekani wakumbuke kwamba mwezi hutangulia: 08/05/2026 ni tarehe 5 Agosti. "Refills: 0" ni kwamba huwezi kuongezewa bila daktari.

HATUA YA 6: Maonyo na mahali pa kuhifadhi

"Tumbo tupu" ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. "Pamoja na chakula", kama ibuprofen na diclofenac, ni katikati ya mlo au mara tu baada yake. Doxycycline: glasi nzima ya maji, na usilale mara baada ya kumeza, kwani kidonge kikikwama kooni kinachoma. Ciprofloxacin usiimeze pamoja na maziwa, dawa ya kiungulia au vidonge vya kuongeza damu; inashikwa navyo tumboni na kutoka na choo. Metronidazole na pombe haviendi pamoja hadi siku mbili baada ya kumaliza. Rifampicin inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hilo si hatari.

"Chini ya 30°C" ni ndani ya nyumba mbali na jiko, dirisha la jua na gari. "2–8°C" ni friji, sehemu ya kati, si karibu na barafu: insulini ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tena. Insulini nyingi ikishafunguliwa hudumu karibu wiki nne nje ya friji mahali pa baridi, na pasipo umeme chungu cha udongo chenye unyevu kinasaidia. Matone ya macho mengi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama EXP ni mwakani. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa.

Kibahasha na kadi usivitupe hadi dozi iishe. Ukivimba midomo, ukitokwa na vipele au kupumua kwa shida, nenda navyo kituo cha afya. Jina la dawa na namba ya toleo ndivyo wahudumu watakavyojaza wanaporipoti madhara kwa mamlaka za dawa, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya. Kibahasha chenye "1x3" pekee, bila jina la dawa, hakiwasaidii chochote.